Seti ya nguruwe wa mbegu tatu kutoka Nakuru: wanyama safi, ushauri wao wa kuwachanganya achana nao

Watu wameniuliza sana kuhusu ile seti ya nguruwe inayouzwa na shamba moja huko Nakuru, ile ya majike mawili ya Large White, jike moja la Landrace na dume la Duroc, basi wacha niandike yote hapa badala ya kujibu mmoja mmoja. Jina la shamba siliweki kwa sababu kuna mahali nitalalamika na sitaki kesi na mtu. Kwa ufupi wanyama ni wazuri kweli kweli, hapo sina neno, pesa yangu haikupotea. Shida ni maneno yanayokuja na hao wanyama, hasa hii ya "hawa wote weka chumba kimoja mzee, wamezoeana, usijisumbue kujenga". Mzee alijenga.

Mimi niko upande wa Maseno, pale Kisumu inakaribia kuisha na Vihiga kuanza, shamba ni dogo, ekari moja haifiki, na tayari nilikuwa na wamama wawili wa krosi ya kienyeji, mmoja tulimtoa Busia akiwa mdogo amefungwa kamba ya mguu chini ya mwembe ndio maana hapa nyumbani anaitwa Nyar Busia. Hawa wa kienyeji wana raha yao, hawaugui ovyo, wanakula karibu kila kitu, lakini kukua ni pole pole mno na ukichinja mafuta ni mengi kuliko nyama. Wateja wa siku hizi pale Luanda na Kisumu mjini wanataka nyama, mafuta wanakutolea kando halafu wanauliza kwa nini umewapimia. Ndio nikaanza kutafuta damu mpya.

Seti yenyewe ukisikia wakiieleza inapendeza. Large White asili yake ni Yorkshire huko Uingereza, anasifika kwa kuzaa wengi na kuwa na maziwa. Landrace wa Denmark ni mrefu wa mgongo, masikio yameanguka mbele yakafunika macho, naye ni mama mzuri. Duroc mwekundu ni wa Marekani, huyo kazi yake ni nyama, anakua haraka na hadeki. Wafugaji wakubwa wanachanganya hawa kwa mpango: Landrace na Large White wanazalishwa pamoja, majike yanayotoka hapo ndio wanakuwa wamama wa shamba, halafu hao wamama wanapandwa na Duroc na watoto wote wanaenda kuuzwa. Camborough mnayesikia kila mahali naye ni krosi ya kutengenezwa kwa mpango kama huo, si mbegu ya kale. Na ni kweli krosi mara nyingi ana nguvu kuliko wazazi wake, watoto hawafi ovyo na uzito unakuja haraka.

Sasa kijana wa mauzo akaniambia na hii seti nitajitengenezea hao wamama wa krosi mwenyewe. Nikamuuliza, kwa dume gani? Maana dume kwa seti ni Duroc peke yake, akipanda Large White unapata nusu Duroc, akipanda Landrace unapata nusu Duroc, huo mchanganyiko wa Large White na Landrace anaousifu hauwezi kuzaliwa hapo hata miaka kumi labda uazime dume kwingine. Akanyamaza kidogo akasema bosi ndiye anajua. Na ukibakisha mabinti wa huyo Duroc ukaja kuwapa dume huyo huyo, hapo umempandisha na watoto wake wa kuzaa, utaanza kuona vitoto vidhaifu, ngiri ya utumbo kutokeza chini ya ngozi, na mambo mengine ambayo utadhani umerogwa. Kwa hivyo ichukue kama seti ya kutoa nguruwe wa nyama, sio ya kuanzisha ukoo. Kwa kazi hiyo iko sawa kabisa, lakini waseme hivyo.

Shambani kwao wamejipanga, hapo nawapa maua yao. Kwa geti kuna beseni la dawa unakanyaga, unapewa gambuti zao na dastikoti, na mabandani huingii, unaangalia kwa dirisha. Kuna mama tulikuwa naye alikasirika sana, ati ametoka Bungoma na nauli yake kuja kuchungulia nguruwe kama mwizi. Mimi hapo ndio niliwaamini. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, ilielezwa na madaktari mara ya kwanza hapa hapa Kenya mwaka wa 1921 na mpaka leo hakuna chanjo yake ya kuendea agroveti, na inatembea kwa viatu, kwa magurudumu, kwa ndoo, kwa mabaki ya hoteli yenye nyama ya nguruwe ndani. Banda ambalo kila mgeni anaingia na viatu alivyotoka navyo sokoni mimi sinunui hapo hata wakinipunguzia nusu bei.

Kila mnyama alikuja na kadi, kuna alama zake za kukatwa masikioni, tarehe ya kuzaliwa, mama na baba, siku aliyodungwa madini ya chuma akiwa mtoto na mara ya mwisho kupewa dawa ya minyoo. Nililinganisha masikio na kadi, yote yakaingiana. Chuchu nilihesabu mwenyewe, majike yote wana 14, zimepangika, hakuna iliyozama. Hiyo ndio ya kuangalia kabla ya rangi na urefu wa mgongo, maana jike wa chuchu 10 akikuzalia 13 hao watatu utawalea wewe na chupa usiku. Large White mmoja nilimwona ana uvimbe kitovuni, nikawaambia hiyo ni ngiri huyo simchukui, wakanibadilishia bila maneno. Ila waliyenipa badala yake alikuwa mwepesi kuliko wenzake, kwa macho tu ungesema amepungukiwa kilo kumi hivi, na wakasema huyo atawafikia tu. Huyu mdogo mkumbuke, tutarudi kwake.

Bei ilikuwa shilingi 85,000 kwa seti ya wanyama wa miezi minne kwenda mitano, bila usafiri. Ni pesa. Huku kwetu mtoto wa krosi aliyeachishwa maziwa unampata kwa 4,000 au 5,000, lakini huyo hana kadi, hujui baba yake, na mara nyingi baba yake ni kaka yake. Kilichoniudhi ni kibali cha kusafirisha, walisema kwa simu kiko ndani ya bei, siku ya kuchukua ikawa nilipe tena kando na hakuna mtu wa kuniambia kwa nini.

Usafiri wao mimi naupa nyota moja na hiyo moja ni ya dereva. Tulikubaliana pikapu itoke alfajiri, ikaondoka jua limeshapanda. Nakuru iko juu ya mita 1,800, asubuhi bado unavaa sweta, lakini ukishapita Mau Summit na Kericho ukaanza kuteremka kuja Awasi na Ahero joto linakupiga usoni, na nguruwe hatoi jasho la kumpoza jinsi sisi tunavyotoa. Juu hakukuwa na turubai, na wanne wote walikuwa wamerundikwa pamoja bila mbao ya kuwatenganisha. Landrace alishuka kwangu mdomo wazi, anahema mbio mbio, povu linatoka. Tulimwaga maji sakafuni na kumlowesha taratibu kuanzia miguuni, tukamwacha kivulini na maji ya kunywa karibu, jioni akasimama. Dereva mwenyewe alisimama njiani mara kadhaa kuwamwagia maji kwa hiari yake, bila yeye ningepokea mzoga.

Haya, kuchanganya sasa, maana ndio wengi wanauliza. Swali huwa ni je, Duroc na Large White wanaelewana, Landrace atakubali kukaa na kienyeji, na kadhalika. Nguruwe hajui yeye ni Landrace. Anachojua ni harufu ya wale aliolala nao jana, na mgeni yeyote akija, awe mweupe awe mwekundu, lazima wapigane wajue nani mkubwa. Ni kama kidato cha kwanza wakiingia bwenini, siku moja mbili za fujo halafu kila mtu anajua kitanda chake. Kwa hivyo mbegu tofauti kukaa pamoja sio shida kabisa. Shida ni uzito tofauti, umri tofauti, na wageni kutiwa juu ya wenyeji kwa pupa.

Shamba liliniambia niwatie moja kwa moja na wale wangu "wapate kuzoeana mapema". Hapana. Walikaa kando, banda la mbali, ndoo zao, fagio lake, na mtu wa kuwalisha anaanza kwa wenyeji anamalizia kwa wageni, sio kinyume. Wataalamu wanashauri kama siku 30, na ina maana kwa sababu mnyama anaweza kuja anaonekana mzima kumbe ugonjwa umelala ndani, homa ya nguruwe inaweza kuchukua hadi wiki mbili na zaidi kujionyesha. Hata upele na chawa utaviona kabla havijahamia kwa wote. Kuuza nguruwe kwa bei hiyo halafu umwambie mteja achanganye siku hiyo hiyo ni uzembe, na shamba lenye beseni la dawa getini wanajua vizuri sana kwa nini hupaswi kufanya hivyo.

Siku ya kuwaunganisha majike tulifanya jioni jua limepoa, kwa chumba ambacho hakuna kati yao aliyewahi kulala, majani makavu mengi chini, chakula kimemwagwa kila upande ili wasigombanie sehemu moja. Nyar Busia, mfupi hivyo, tumbo linakaribia kuburuta chini, alimwendea Landrace moja kwa moja wakasimama bega kwa bega wakisukumana wanazunguka, masikio yameraruka kidogo, povu mdomoni, ule ukelele majirani walikuja kuuliza kama tunachinja. Landrace na urefu wake wote akashindwa. Nadhani yale masikio yake yanamponza, kitu kikitoka mbele hakioni mpaka kimemgusa, hata ukiingia bandani bila kuongea anashtuka anaruka, wakati Large White masikio yake yamesimama anakuona tangu mlangoni. Siku hizi kila anayeingia pale anaongea kwanza. Kufikia kesho yake jioni walikuwa wamelala wamebanana, Nyar Busia katikati, malkia.

Yule Large White mdogo ndiye aliumia. Sio vita, vita hakupigana hata. Alikuwa anakaa kona tu, wenzake wakila yeye anazunguka nyuma, akijaribu kuingiza mdomo kwa sinki ya chakula anapigwa pua. Mbavu zikaanza kuonekana, kidonda mkiani, ndio tukamtoa tukamweka na watoto wakubwa wa krosi wa uzito wake na pale akanawiri hadi leo. Hiyo ndio maana nasema panga kwa uzito. Mkiwa na vyumba viwili tu, weka wakubwa kimoja, wadogo kingine, wacha habari ya rangi, na sinki iwe ndefu kila mmoja apate nafasi ya mabega yake, wale wa kati kama futi moja kila kichwa inatosha. Nafasi ya kulala pia, nguruwe wa kukaribia kilo 100 mpe kama mita moja ya mraba, wakibanwa wanaanza kung'atana mikia hata kama ni ndugu wa tumbo moja.

Dume ndio lisiguswe na hiyo stori ya chumba kimoja. Dume la miezi mitano sita tayari linaweza kutia mimba, na majike nao wanaanza joto, yaani kutaka dume, karibu umri huo huo, kwa hivyo ukiwaacha pamoja utajikuta na mimba usizojua tarehe, za wasichana ambao mwili wenyewe bado. Jike anarudi kwa joto kila baada ya siku 21 hivi, mimba ni siku 114, wazee wanasema miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, sasa bila tarehe ya kupandwa utajuaje siku ya kumtoa kwa wenzake akazalie peke yake? Akizalia kwa kundi wenzake wanaweza kula watoto au kuwalalia. Huyu Duroc wangu ana chumba chake, ukuta wa mawe hadi kifuani, anapelekewa jike, kazi ikiisha jike anarudi kwake. Mpole sana, anapenda kukunwa mgongo na fagio, lakini dume ni dume, hapo ndani mtoto haingii.

Kitu ambacho shamba halikusema hata kidogo ni jua. Wao wako kwa baridi. Huku ngozi nyeupe inaungua, na si mzaha, Landrace nyuma ya masikio iligeuka nyekundu halafu ikaanza kubanduka vipande vipande kama rangi ya ukuta wa zamani, ukimgusa analia. Duroc na hawa weusi wa kienyeji jua hilo hilo linawapita tu. Kwa hivyo kama unafuga mbegu tofauti uwanja mmoja, pima kivuli kwa yule mweupe zaidi. Tumeongeza mabati na chini tumeweka shimo la matope, wanashinda humo wote, saa saba mchana huwezi kujua nani ni Large White nani ni Duroc.

Chakula nacho, ile ratiba yao ya karatasi ya rangi ni nzuri lakini inadhani wote ni Large White. Wa kienyeji ukimpa kiasi kile kile anageuka mafuta, na jike mnene kupita kiasi hata kushika mimba kunamsumbua. Ukiwapunguzia wote, Large White ndio wanaumia. Hapa ndipo kukaa chumba kimoja kunakuwa na gharama yake, na hakuna ujanja ila kulisha kwa zamu, wale wa mbegu wanaingizwa chumba cha pembeni wanakula chao cha agroveti, Nyar Busia na mwenzake wanapata majani ya viazi vitamu, wishwa, na machicha kidogo. Omena tunatia kwa wote lakini wale wanaoenda sokoni tunawatolea wiki kadhaa kabla, la sivyo nyama inanuka samaki na mteja wa Kisumu samaki ameshakula jana.

Kwa upande wa huduma baada ya kuuziwa, wana kikundi cha WhatsApp, maswali ya bei yanajibiwa dakika hiyo hiyo, ukiuliza kuhusu mnyama mgonjwa unasubiri mpaka daktari wa kwenu ameshakuja ameshaondoka. Niliwauliza kuhusu masikio kuungua wakanitumia picha ya ratiba ya chakula.

Watoto wa kwanza wa Duroc na Large White wameshatoka, weupe, wengine wana madoa, na nikiwaweka kando ya wale wa kienyeji wa umri mmoja huwezi kuamini, miguu mizito, mapaja yamejaa. Wa Duroc na Nyar Busia ndio wamenishangaza zaidi, hawakukua haraka kama hao wengine lakini wanakula chochote kama mama yao na nyama ina mafuta kiasi tu, mwenye kuchoma pale Luanda alionja akaweka oda ya wote waliobaki. Kwa mtu mwenye chakula cha kubahatisha labda hiyo ndio krosi ya kufuata, jike wa hapa kwetu na dume la Duroc tu, usinunue seti nzima.

Kwa hivyo nyota tatu na nusu. Ukiamua kwenda, nenda mwenyewe usinunue kwa picha, sisitiza majike wote wawe wa uzito mmoja hata kama itabidi urudi wiki nyingine, kibali kiandikwe kwa risiti, na usafiri tafuta wako mwenye turubai anayekubali kutoka saa kumi za usiku. Na waulize dume la Landrace la kuuza kando. Niliwapigia juzi wakasema yapo mawili lakini bado ni madogo, bei hawajaamua.